Mwaka Niliomshikia Rehema Piano

Nyaga ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba Mwalimu Kinoti amefariki. Hakuzunguka. Alisema, "Wawira, mwalimu ametuacha, tunazika Alhamisi," kisha tukabaki tumeshika simu, yeye kule Ishiara kwenye joto lake, mimi hapa Kibugu nikitazama ukungu ukishuka kutoka msituni na kulala juu ya majani chai. Alhamisi nilisafiri hadi Meru. Mazishi yalikuwa nyumbani kwa marehemu, kwenye mteremko wenye migomba mingi, viti vya plastiki vimepangwa chini ya hema na spika zikipiga nyimbo za injili kwa sauti ambayo Mwalimu mwenyewe angeomba ipunguzwe. Sisi wa okestra tuliobaki hatukujaza hata benchi moja. Nyaga, ambaye siku hizi anatembea kwa bakora, alinishika mkono akanipeleka kwa binti ya marehemu na kumwambia, "Huyu ndiye dada aliyepiga piano kwenye konsati kubwa ya baba yako." Binti akanishika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga, akanishukuru. Sikumsahihisha Nyaga, maana watu walikuwa wanasukumana nyuma yetu kuja kutoa pole. Lakini haikuwa hivyo. Siku ya konsati mimi nilikaa kando ya ukuta nikilinda mikoba na makoti ya wenzangu. Niliporudi nyumbani maneno ya Nyaga yaliniandama siku nyingi. Nilijiuliza kama uzee umemchanganyia mambo, au kama kuna kitu alichokisikia siku ile ambacho mimi nimekuwa nikikipunguza miaka yote hii, na ndipo nikaamua kuandika habari za mwaka ule.

Nilikuwa msichana wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Meru, kazi yangu ya kwanza, na nilikuwa nimepanga chumba Makutano nyuma ya maduka. Kilikuwa chumba cha mbao, kitanda upande mmoja na meza upande wa pili, na kati yake nafasi ya mtu mmoja kusimama akijigeuza. Nje malori yalipiga honi kutwa nzima na makondakta waliita abiria wa Maua na wa Nkubu hadi giza lilipoingia. Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na ya mbao mbichi ambazo hazikukauka mwaka mzima kwa ile baridi. Mwenye nyumba alikuwa Mama Nkatha, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyeuza ndizi za kupika sokoni na kuishi chumba cha pili, upande wa pili wa ukuta ule ule wa mbao. Yeye na dada yake walizungumza Kimeru jioni wakichambua maharagwe, wakidhani sielewi, na Kiembu chetu si mbali hivyo na Kimeru. Nilisikia kila kitu.

"Huyu msichana wa Embu hana mtu?" aliuliza dada yake siku moja.

"Nimuone wapi huyo mtu?" Mama Nkatha alijibu. "Anatoka kazini, anapika, anakula, halafu anaanza kugonga meza."

"Kugonga meza ya nini?"

"Sijui. Anagonga kwa vidole vyote mpaka anachoka. Mimi nafikiri ni maombi ya kwao."

Niliacha kugonga, nikakaa na mikono yangu mapajani. Nilitamani kutoka nje niwaeleze kwamba nafanya mazoezi ya piano, lakini ningelazimika kueleza piano yenyewe iko wapi, na muziki ni upi, na kwa nini msichana ambaye hana harusi ya kupigia wala kwaya ya kufundisha anajisumbua hivyo. Baadaye nilitandika blanketi juu ya meza, nikaendelea, sauti ikipungua tu.

Nilimjua Mwalimu Kinoti kwa sababu alikuja ofisini kwetu kuomba achapiwe tangazo. Alikuwa mfupi, amevaa koti la sufi hata jua likiwaka, na alifundisha muziki katika chuo cha walimu. Tangazo lilisema kwamba inaundwa okestra, na yeyote anayejua kupiga chombo cha nyuzi au cha kupuliza aje chuoni Jumamosi asubuhi. Nilipomaliza kulichapa nilimwuliza kama anataka mpiga piano.

"Unapiga kiasi gani?" akaniuliza.

"Sista alinifundisha shuleni. Nilipiga miaka yote ya sekondari."

"Unasoma nota?"

"Ninasoma."

Jioni hiyo hiyo, nilipotoka kazini, alinipeleka kwenye ukumbi wa chuo na kunifungulia piano. Akaniwekea mbele kitabu cha nota kilichochakaa pembeni. Ilikuwa kazi ya piano na okestra, ya mtunzi mmoja wa Ulaya Mashariki aliyeiandika akiwa mgonjwa na mbali na kwao, kifo kikamkuta kabla hajaweka nota za mwisho kabisa. Mwalimu aliniambia hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Akasema konsati yake yote itakuwa ya muziki wa karne hii ya ishirini. "Watu wanafikiri okestra ni mambo ya wafalme wa zamani. Mimi nataka wasikie ya wakati wetu. Hata sisi si tumezaliwa karne hii?" Kisha akaniambia jambo la pili, wazi kabisa, na sijawahi kumlaumu kwa hilo. Mpiga piano wa konsati alishapatikana. Aliitwa Rehema, mzaliwa wa Mombasa, aliyesomea ng'ambo na sasa alikuwa akiishi Nairobi, lakini angeweza kuja wiki ya mwisho tu. "Okestra haiwezi kujifunza bila piano," alisema. "Ninahitaji mtu wa kumshikia nafasi mwaka mzima. Utaweza?" Nilisema nitaweza. Nilikuwa tayari kusema hivyo hata kama angeniomba nifagie ukumbi.

Basi kila jioni nilipotoka ofisini nilipanda hadi chuoni, nikapewa ufunguo na mlinzi, nikakaa peke yangu katika ukumbi ule mkubwa wa paa la mabati hadi nilipoona giza linaanza kuingia kwenye madirisha. Mwezi wa saba kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa, na vibao vya piano vilikuwa kama mawe ya mtoni. Nilipasha vidole kwapani, nikapiga kidogo, nikapasha tena. Sehemu ya kwanza na ya mwisho zilinishinda mwendo. Nilizipiga polepole, na pale zilipojaa mno niliruka nota na kuokota zile ninazoweza, ili okestra ijue tuko wapi. Lakini sehemu ya katikati, ile ya utulivu, niliimudu yote. Inaanza na nyuzi zikipumua taratibu kama watu walio kanisani, halafu piano inajibu kwa sauti chache za ibada, nyuzi zinarudi, piano inajibu tena. Baadaye inageuka kuwa milio ya ndege na wadudu, vitu vidogo vidogo vinavyoitana gizani. Ndege wale walikuwa wa nchi ya mbali, lakini mimi nilikuwa nimelelewa kando ya msitu na sikuhitaji kuelezwa. Nilipopiga pale, peke yangu, sikuwa mpweke. Upweke ulinirudia nilipofunga kifuniko na kusikia jinsi ukumbi ulivyokuwa mtupu.

Piano yenyewe ilikuwa na ugonjwa mmoja. Unyevu ulikuwa umeingia katika kibao kimoja cha mkono wa kulia, hivi kwamba ukikibonyeza kinalala chini na kuchukua muda wake kuinuka. Na katika ile sehemu ya utulivu kuna mahali nyuzi zote zinanyamaza, kibao hicho kinapigwa mara mbili mfululizo, kisha klarineti, ile filimbi nyeusi, inaingia. Sikuwa na la kufanya. Nilipiga mara ya kwanza, nikasubiri kiinuke, nikapiga ya pili. Jumamosi ya kwanza Mwalimu Kinoti alisimamisha kijiti chake cha kuongozea hewani, akanitazama, akaelewa, akasubiri nami. Okestra nzima ikazoea kusubiri. Walikuwa vijana waliomaliza shule wenye fidla za kuazima, wazee wa bendi ya jeshi wenye matarumbeta, na daktari mmoja wa misheni aliyepiga selo, ile fidla kubwa ya kuwekwa katikati ya magoti, vibaya lakini kwa moyo wote. Hakuna aliyelizungumza. Ilikuwa kama kupungua mwendo mahali barabara ina shimo.

Klarineti ilikuwa ya Nyaga. Alifundisha hesabu katika shule moja ya Ishiara na alikuja kila Jumamosi kwa safari ndefu, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu ambalo mvua za Meru zililigeuza tope. Baada ya mazoezi tulienda hoteli moja Makutano, tukaketi karibu na jiko, tukala chapati na ndengu. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na alipenda kuwazungumzia. Aliniambia jinsi anavyofanya mazoezi nje ya nyumba jioni na mbuzi wa jirani wanavyokusanyika kumtazama. "Hao ndio wasikilizaji wangu," alisema. "Hawapigi makofi, lakini hawaondoki." Siku moja aliniuliza, "Wawira, huyu madam akija, wewe utafanya nini?"

"Nitasikiliza," nikasema.

"Inakuuma?"

Nilimwambia hainiumi. Akanikatia kipande cha chapati yake, akakiweka kwenye sahani yangu, akaanza kuzungumza habari za mvua. Jioni ile katika chumba changu nilijikuta naomba, kwa maneno kabisa, kwamba Rehema asije. Sikumwombea baya. Niliomba tu apate kazi nyingine nzuri zaidi mahali pengine. Kwa miezi mitatu hivi niliishi na ombi hilo, na kila Mwalimu aliposimama kutangaza jambo nilitega masikio. Watu wa rika langu ofisini walikuwa wanachumbiana, wanapanga kununua redio na makochi. Mimi nilikuwa na siri ambayo hata ningeisema ingesikika ya kijinga: kwamba nilitaka, mara moja tu, kuipiga sehemu ile ya katikati mbele ya watu.

Rehema alikuja. Kabla yake alikuja fundi kutoka Nairobi, akafungua piano yote, akatoa vumbi na maganda ya miraa ambayo sijui yaliingiaje, akakiponya kile kibao. Niliingia jioni nikakibonyeza kikaruka juu kama kipya. Nilisimama pale nikikibonyeza tena na tena, na nilihisi kama nimefika nyumbani nikakuta kufuli imebadilishwa.

Alikuwa mwanamke mrefu mwembamba, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani, mwenye Kiswahili kile cha pwani ambacho hutufanya sisi wa huku tuogope kufungua midomo. Mwalimu alimwambia mimi ni nani. "Ndiwe uliyenishikia?" alisema. "Ahsante sana, dada. Kazi hiyo huwa haina shukrani." Kisha akaketi akaanza, na nikajua kwa nini ombi langu lilikataliwa. Zile nota zote nilizokuwa nikiziruka zilikuwepo, moja moja, zinang'aa. Sehemu ya kwanza niliyoijua kama mlima wa kukwea ilikuwa kumbe ngoma ya kucheza. Okestra ilikaa wima kwenye viti. Nilifurahi, na nilitaka kulia, na yote mawili yalikuwa ya kweli.

Halafu wakafika sehemu ya katikati. Nyuzi zikanyamaza, Rehema akapiga kile kibao mara mbili, akaendelea mbele, na nyuma yake hakuna aliyemfuata. Klarineti haikuingia. Akasimama.

"Samahani," Mwalimu alisema. "Turudie. Msisubiri pale."

Wakarudia. Nyaga akachelewa tena, na fidla nazo zikachelewa nyuma yake. Walijaribu mara kadhaa. Daktari wa selo akaanza kucheka kwa aibu.

"Mnangoja nini hapa?" Rehema aliuliza, si kwa ukali, alitaka kujua.

Watu wakatazama chini. Nyaga akafuta mdomo wa klarineti yake na kusema, "Tumezoea tu, madam." Hakugeuka upande wangu. Hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, uso unawaka moto. Nilidhani nimewaharibia konsati yao.

Konsati ilikuwa kesho yake, Jumapili alasiri, mwezi wa kumi na moja, na mvua ilikuwa imeanza tangu watu wakiwa kanisani. Ukumbi ulijaa nusu. Walikuja wanachuo, masista, wakubwa wachache wa ofisi na wake zao, na wakulima waliokuwa wamepita tu kujikinga mvua. Vyumba vya pembeni vilikuwa vinavuja, basi wapigaji wakarundika makoti na mikoba yao kando ya ukuta, karibu na jukwaa, na Mwalimu akaniomba nikae navyo. "Wewe nakuamini," alisema. Nilikaa kwenye kiti cha darasani, harufu ya sufi iliyolowa imenizunguka, na kutoka pale niliwaona wote kwa upande, mikono ya Rehema, kijiti cha Mwalimu, mashavu ya Nyaga.

Walianza na vipande viwili vya nyuzi peke yake, vikali kidogo, na nikasikia mzee mmoja akimwuliza mwenzake kama bado wanajaribu vyombo. Kisha Rehema akaingia. Ngoma ile ya kwanza ikapita kama upepo. Katika sehemu ya utulivu mvua nayo ikapungua juu ya mabati, ikawa ya matone tu. Nyuzi zikapumua, piano ikajibu. Niligundua kwamba vidole vyangu vinatembea juu ya mkoba wa mtu. Wakafika pale. Nyuzi zikanyamaza. Rehema akapiga kile kibao mara moja, na mkono wake ukabaki hewani. Alisubiri. Kibao kilikuwa kizima, hakikumzuia chochote, lakini alisubiri muda ule ule, pumzi ile ile niliyowafundisha bila kukusudia, na okestra nzima ikasubiri pamoja naye, na katika kimya kile nilisikia matone juu ya paa na mtoto akikohoa mahali fulani nyuma. Kisha akapiga ya pili, na klarineti ya Nyaga ikaingia mahali pake hasa. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyejua kilichotokea isipokuwa wale waliokuwa jukwaani na mimi. Mwalimu Kinoti aligeuza kichwa kidogo sana upande wa makoti. Nimekaa na watu wengi tangu siku hiyo, katika nyumba nyingi, na sijawahi tena kuwa ndani ya kitu kama nilivyokuwa ndani ya kimya kile, huku nikiwa nje yake.

Makofi yalipokwisha na watu wakaja kuchukua makoti, Rehema alinifuata. "Jana nilikasirika," alisema. "Halafu usiku nikafikiri, watu thelathini hawawezi kukosea mahali pamoja kwa upendo namna ile. Nikaamua niwafuate. Pamependeza, sivyo?" Nilitaka kumweleza habari za unyevu na kibao, nikaona aibu, nikakubali kwa kichwa. Aliniambia nikifika Nairobi nipite kwake nimpigie piano.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko mwaka mzima. Okestra ilitawanyika. Nyaga alibaki kwake Ishiara. Jumamosi ya kwanza miguu ilinipeleka chuoni yenyewe, nikakuta ukumbi umepangwa madawati ya mtihani na piano imesukumwa pembeni, imefunikwa turubai. Mama Nkatha aliniuliza kama ninaumwa, kwa sababu nilikuwa sigongi tena meza. Aliniletea sahani ya ndizi zilizopondwa na mboga, akakaa kitandani kwangu akinitazama nikila, na aliposhindwa kunifariji kwa maneno akanipigapiga mgongoni akaondoka.

Kabla ya Krismasi nilienda Nairobi. Rehema aliishi kwenye nyumba ya ghorofa, sebule ndogo ambayo piano ilikuwa imeila yote, ukipita ubavu kwa ubavu. Alinipa chai ya tangawizi, akaketi nyuma yangu nisimwone, akasema nipige chochote. Nilipiga sehemu ya kwanza nilivyoweza, kisha ile ya utulivu. Nilipomaliza alisogeza kiti chake karibu na changu.

"Nisikufiche," alisema. "Una sikio ambalo wengi niliosoma nao hawana. Lakini vidole vimechelewa. Njia niliyopita mimi hutaiweza, na ukijaribu itakuvunja."

"Hata nikijitahidi sana?"

"Hata hivyo, dada. Ningekudanganya ungenishukuru leo, ukanilaani baadaye."

Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa imetulia, na hilo lilinishangaza. Nilifunga kitabu cha nota nikasema nataka kuliwahi basi la Meru. Akanishika bega. "Nipigie tena ile ya katikati," alisema. "Sasa si mtihani." Nikapiga. Safari hii aliketi mahali nilipomwona, macho amefumba, kikombe mkononi, na hakukipeleka mdomoni wala hakujitingisha hadi sauti ya mwisho ilipokwisha yenyewe ndani ya mbao.

Jumatatu nilikuwa ofisini mapema. Tulikaa chumba kimoja na Murithi, kijana wa Nkubu aliyechapa barua za idara nyingine, mpole, mwenye baba aliyekuwa akigombania mpaka wa shamba mahakamani tangu Murithi akiwa mtoto.

"Wikendi ulipotelea wapi?" aliniuliza.

"Nilienda Nairobi."

"Kufanya?"

"Kusikilizwa."

Aliacha kuchapa. Akateremsha sauti. "Kesi? Sikujua una kesi. Ilikuwaje, ulishinda?"

"Nilishindwa," nikamwambia. "Lakini nilisikilizwa mpaka mwisho."

Murithi alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima kabisa. "Hiyo wengi hawapati, Wawira," alisema. "Wengi wanaambiwa warudi mwezi ujao." Kisha akavuta mashine yake, nami nikavuta yangu, tukaanza kazi.